Muulize Sista: Dawa iliandikwa saa 3, ikaingia saa 9

Mwezi uliopita niliandika mistari saba tu kuhusu sepsisi, pale mwili unapojidhuru wenyewe ukipigana na maambukizi, nikimjibu mtu aliyelikuta neno hilo kwenye cheti cha kifo cha dada yake. Sikutegemea mafuriko yaliyofuata. Barua na jumbe zimekuja nyingi kuliko wakati wowote tangu nishike safu hii, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mwongozo wa kutibu ugonjwa huu upo, je, hospitali zinaufuata? Nimechagua tano. Majina ninayo lakini siyatoi, na hospitali zilizotajwa nimezifuta. Kwa wageni wa safu hii, mimi ni muuguzi mstaafu, miaka 34 wodini, mingi yake mkoani Tanga. Mkiona mahali nawatetea wauguzi, mjue damu ni nzito kuliko maji.

Kutoka Morogoro

Shikamoo Sista. Mimi ni binti wa miaka 29. Baba yangu alikuwa na kisukari na kidonda kwenye unyayo. Jioni moja alianza kutetemeka, akawa anaongea vitu visivyoeleweka, anamwita shangazi ambaye ni marehemu. Tulimfikisha hospitali saa 3 kasoro usiku. Daktari alimwona upesi, simlaumu, akaandika dripu na dawa za sindano kwenye faili. Sindano ya kwanza ilimwingia saa 9 usiku. Najua kwa sababu dawa haikuwepo, mimi ndiye niliyetumwa nje kuinunua, na risiti ya duka ninayo. Alifariki siku ya pili mchana. Nimesoma kwamba dawa inatakiwa iingie ndani ya saa moja. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ina maana baba yangu aliuawa?

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na swali la mwisho, maana najua ndilo linalokuamsha usiku. Hakuna mtu mkweli atakayekuambia kwamba sindano ya saa 4 ingemwokoa baba, wala kwamba isingemwokoa. Mtu wa kisukari mwenye kidonda, anatetemeka na akili imeshahama, anafika hospitali ugonjwa umekwisha kuvuka kizingiti. Nimewahi kuwachoma wagonjwa wa namna hiyo dakika kumi tangu washushwe kwenye bajaji, na bado wakatutoka. Ninalokuambia kwa hakika ni kwamba saa sita ni nyingi mno, na kwamba mwongozo uliousoma upo kweli.

Sepsisi mitaani tunaiita sumu kwenye damu. Jina hilo halikosei sana, ila anayejidhuru zaidi ni mwili wenyewe. Maambukizi yanaanzia mahali, kidondani, kwenye mapafu, kwenye njia ya mkojo, na mwili katika kupigana nayo unapoteza mpangilio, unaanza kuumiza viungo vyake. Mkojo unapungua, presha inashuka, pumzi inakwenda mbio. Baba kumwita shangazi hakukuwa mambo ya mizimu, ingawa najua wapo waliosema hivyo msibani. Ubongo ulikuwa umezidiwa.

Mwongozo unaotumika sana duniani ni wa Surviving Sepsis Campaign, kampeni ya madaktari iliyoanza 2002. Toleo lake la 2021, nikilisema kwa lugha ya wodini, linataka hivi: mgonjwa ambaye presha imeanguka, au ambaye sepsisi yake inaonekana wazi, apate antibayotiki mara moja, ikiwezekana ndani ya saa 1 tangu atambuliwe. Kama presha haijaanguka na daktari ana mashaka kama ni maambukizi kweli, ana hadi saa 3 za kuchunguza. Damu ya kuotesha vijidudu itolewe kabla ya sindano, mradi isiicheleweshe sindano. Laktati, tindikali inayopanda kwenye damu viungo vikikosa oksijeni, ipimwe. Dripu ianze, na ikishindwa, dawa za kupandisha presha. Baba yako, kwa maelezo yako, alikuwa wa saa 1.

Je, hospitali zinaufuata? Siku moja ya Novemba 2013, wataalamu walihesabu wagonjwa 1,794 wa sepsisi kali katika nchi 62. Waliotimiziwa hatua zote za saa 3 za mwanzo walikuwa asilimia 19. Kati ya wagonjwa watano, hata mmoja kamili hakufika. Katika hao waliotimiziwa walifariki asilimia 20, na katika wasiotimiziwa asilimia 31. Usikimbilie kusema tofauti yote ni ya mwongozo, maana mgonjwa ambaye ugonjwa wake unaonekana wazi ndiye pia anayehudumiwa upesi. Lakini ukumbuke hospitali hizo zilikubali zenyewe kuhesabiwa. Zilizokaa kimya sijui tuzifikirieje.

Kuna mahali walichoka. Mwaka 2012, jimboni New York, Marekani, mtoto wa miaka 12, Rory Staunton, alichubuka mkono akicheza mpira wa kikapu shuleni. Akapata homa na kutapika, akapelekwa hospitali, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Majibu ya damu yaliyoonyesha hatari yalitoka ameshaondoka. Siku chache baadaye alifariki kwa sepsisi. Wazazi wake hawakunyamaza, na mwaka 2013 jimbo likatunga kanuni zinazoitwa kwa jina la mtoto yule: kila hospitali iwe na utaratibu wake wa sepsisi, na hesabu zipelekwe serikalini. Kati ya 2014 na 2016, katika hospitali 149, wagonjwa 49,331 walichambuliwa. Asilimia 82.5 walikuwa wametimiziwa vipimo na antibayotiki ndani ya saa 3. Na kila saa iliyopotea iliongeza uwezekano wa kufa kwa kama asilimia 4. Hesabu hii na ile ya nchi 62 hazikupimwa kwa mizani moja, lakini mtu yeyote aliyewahi kushika ufunguo wa kabati la dawa anaelewa nini kilibadilika: walijua kuna mtu anaangalia saa.

Sasa nikuambie saa sita za baba yako zilikokwenda, maana nimeziona zikipotea mara nyingi mno. Daktari anaandika. Faili linawekwa juu ya mafaili mengine kwenye meza ya wauguzi. Muuguzi yuko upande wa pili anabadilisha chupa ya dripu. Anarudi, anafungua faili la juu, la baba liko la tatu. Anakuja na kanula. Mishipa imesinyaa, anachoma mara ya kwanza, ya pili, anamwita mwenzake. Kanula ikikaa, ndipo anagundua famasi haina dawa. Anaandika karatasi, anakuita wewe. Duka la kwanza limefungwa, la pili hawana, la tatu ni mwendo wa bodaboda. Unarudi, yuko kwenye ripoti ya zamu. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyelala. Kila mmoja amechukua nusu saa yake, na nusu saa zinazaana.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Siku mkaguzi akilifungua faili lile, ataona antibayotiki sahihi, dozi sahihi, imeandikwa saa 3:10 usiku. Ataweka alama ya vema. Kwenye karatasi baba yako alitibiwa ndani ya robo saa. Nimekaa kwenye vikao vya ubora ambako tulijipongeza kwa asilimia za namna hiyo, soda mezani, kumbe tulikuwa tunapima kasi ya kalamu.

Una haki ya kuomba faili lipitiwe. Mwandikie mganga mfawidhi, kwa adabu, na uombe saa tatu tu: saa ya kufika, saa ya dawa kuandikwa, saa ya dawa kuingia mshipani. Ambatanisha nakala ya risiti, ile halisi ibaki nayo mwenyewe. Usianze na neno kuua, utafungiwa mlango. Na uwaulize kwa nini dozi ya kwanza ya antibayotiki haikai kwenye sanduku pale mapokezi ya dharura, ichomwe kwanza, malipo yafuate asubuhi. Wodi moja niliyofanya kazi tuliweka sanduku la namna hiyo, kopo la biskuti lenye plasta juu yake, chupa nne za seftriaksoni ndani. Mhasibu alilalamika mwezi mzima. Kopo lilibaki.

Kutoka Kanda ya Ziwa

Shikamoo Sista. Mimi ni nesi, mwaka wa pili kazini, kituo cha afya. Tumebandikiwa bango la sepsisi ukutani. Linasema pima laktati, otesha damu, anza dawa ya kupandisha presha kwa pampu. Hatuna hata kimoja. Wakaguzi wakija tunapata sifuri, na bango linazidi kutuzomea. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Usilione haya bango, aliyelibandika hakulisoma. Mwaka 2011 lilitoka dodoso lililowauliza wataalamu wa dawa za usingizi barani Afrika kama hospitali zao zina kila kitu kinachotakiwa na mwongozo ule. Waliojibu ndiyo hawakufika wawili katika mia. Na hizo zilikuwa hospitali zenye wataalamu wa usingizi, achilia mbali kituo chako.

Kwa hiyo tuanze na ulichonacho. Una saa yenye mshale wa sekunde? Kama unatumia simu, sawa, lakini itoe mfukoni.

Nikuungamie jambo. Miaka ya tisini, kijana kama wewe, nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wanaume, wagonjwa 42, mimi na mhudumu mmoja. Kwenye chati ya kila mgonjwa, safu ya upumuaji, niliandika 20. Kitanda cha kwanza 20, cha pili 20, cha mwisho 20. Zamu iliyonitangulia nayo iliandika 20. Daktari mmoja, mtu mzima, mpole, alizipitia chati asubuhi akasema, "Sista, wodi yako inapumua kama kwaya." Akanivuta hadi kitanda cha kona. Akaomba saa yangu, ile ya kifuani inayoning'inia kichwa chini, akaishika juu ya tumbo la mgonjwa, akaniambia nihesabu kwa sauti. Blanketi la kijivu lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka. Nilifika 38 mshale haujamaliza mzunguko. Nikamshika mkono: baridi hadi kwenye kiwiko. Nimonia. Usiku ule nilikuwa nimempita mara mbili, nikidhani amepata usingizi mzuri. Alikaa wiki tatu akatoka kwa miguu yake. Tangu hapo nimeandika 20 mara nyingi, ila nimehesabu.

Pumzi, mapigo, presha, joto, oksijeni ya kidoleni kama kile kifaa kina betri, na je, anaongea sawasawa. Hivyo vinatosha kumtambua mgonjwa wa sepsisi kabla hajaanguka. Laktati ina dada yake maskini: bonyeza ncha ya kidole kwa nguvu mpaka ipauke, hesabu 10, achia. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki vizuri huko. Usidhani ni tiba ya wanyonge. Utafiti wa 2019 wa wagonjwa 424 katika nchi 5 za Amerika ya Kusini, tena vyumba vya wagonjwa mahututi vyenye kila kitu, uliwaongoza nusu kwa kidole na nusu kwa laktati. Wa kidole hawakufanya vibaya zaidi. Mwongozo wa 2021 umekipokea kidole. Kwa ngozi zetu angalia kucha, na uwe na mwanga. Taa ya wodi za usiku haisemi kweli.

Tena hili limeshapimwa hapa kwetu. Muhimbili, kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, walianzisha chati yenye rangi: namba ikiangukia kwenye nyekundu, karatasi inakuambia ufanye nini sasa hivi, bila kusubiri mtu. Kati ya wagonjwa waliofika presha imeshaanguka, vifo vilikuwa asilimia 92.3 kabla ya utaratibu huo, vikashuka hadi asilimia 69.2. Bado ni vingi, vinatisha. Lakini hakikununuliwa kitanda cha umeme wala mashine mpya ya kupumulia.

Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, karibu wagonjwa 20,000. Mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi, na wengi wa hao walikuwa wodi za kawaida, kama yangu na yako. Kati ya walioshindwa kupumua, asilimia 48 tu ndio waliokuwa kwenye oksijeni. Kati ya ambao mzunguko wa damu umefeli, asilimia 54 ndio waliokuwa wanapata maji ya mshipani au dawa ya presha. Mimi nilipozisoma namba hizo sikufikiria mashine. Nilifikiria safu ya 20, 20, 20.

Jambo la mwisho kwako: ukimwandikia mgonjwa rufaa, dozi ya kwanza iingie kabla gari halijawashwa. Iandike saa yake kwenye karatasi ya rufaa kwa herufi kubwa, juu, mahali ambapo hata dereva ataiona. Wakaguzi wakija na sifuri zao, waonyeshe daftari la saa. Wenye akili wataelewa.

Kutoka Muheza

Sista nakuheshimu, ila leo nina hasira. Mjukuu wangu wa miaka 3 alilazwa na homa kali, mikono baridi. Mwanangu anayeishi nje alinitumia mwongozo wa huko kwamba mgonjwa wa hivi azungushiwe dripu nyingi kwa haraka. Hapa nesi akaweka inadondoka tone, tone. Nilipouliza akasema wameelekezwa hivyo. Mtoto amepona, Mungu mkubwa, lakini nataka ujue wanabania maji.

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako imenichekesha kidogo, unisamehe, kwa sababu umeiandika kutoka Muheza, na jibu lake lilipatikana hapohapo ulipo.

Hata sisi tulikuwa tunaamini hivyo. Mtoto mikono ya baridi, homa, anahema: mpe maji kwa kasi. Ndivyo vitabu vilivyosema. Kisha ukafanyika utafiti uitwao FEAST, katika hospitali za Uganda, ya Kilifi nchini Kenya, na kwa Tanzania hospitali ya Teule, Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofu waligawanywa: wengine wapewe maji mengi kwa haraka, wengine dripu ya polepole tu. Wote walitarajia waliopewa maji mengi wapone zaidi. Ikawa kinyume. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya maji ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi la polepole. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, matokeo yakachapishwa 2011.

Nakumbuka siku habari ile ilipotufikia. Mwenzangu mmoja alikaa kwenye benchi la nje ya wodi ya watoto hajasema neno, nami nilijua anahesabu watoto aliowazungushia mwenyewe.

Kwa watu wazima ikatokea Zambia, hospitali ya chuo kikuu Lusaka, wagonjwa 212 wa sepsisi wenye presha ya chini, wengi wao wanaishi na virusi vya Ukimwi. Kundi moja likafuatishiwa utaratibu wa maji mengi na dawa za presha kama vitabu vya ng'ambo vinavyotaka, jingine likatibiwa kama ilivyozoeleka wodini. Katika utaratibu wa ng'ambo walifariki asilimia 48.1, katika mazoea ya wodi asilimia 33. Mwongozo uliotungwa mahali penye mashine ya kupumulia pembeni ya kila kitanda, ukihamishiwa mahali ambapo mapafu yakijaa maji hakuna cha kufanya, unageuka kitu kingine. Watungaji wamelikubali hilo: mwongozo wa watoto wa 2020 unasema wazi kwamba palipo hakuna chumba cha mahututi, na presha ya mtoto haijashuka, asizungushiwe maji ya haraka.

Tahadhari moja, mzee wangu. Mtoto wa kuhara na kutapika aliyekaukiwa maji hakuwemo kwenye utafiti ule. Huyo ana kanuni zake na maji anayahitaji, tena upesi. Nesi wa mjukuu wako hakubania kitu. Ukipita hospitali, mpelekee machungwa.

Kutoka Leicester, Uingereza

Assalamu alaykum dada. Mimi ni wa Unguja, natunza wazee majumbani huku. Mzee mmoja wa kwetu, Kiingereza hakijui, alipelekwa hospitali na maambukizi ya mkojo. Usiku wa pili mwanawe aliona amebadilika, haongei, anahema. Akaogopa kusema, asije akaonekana mkorofi. Alhamdulillahi asubuhi walimhamisha. Je, angeweza kufanya nini?

Wa alaykum salaam. Huko mna jambo ambalo huku tunalitamani. Mwaka 2021 London alifariki binti wa miaka 13, Martha Mills, kwa sepsisi. Mama yake alikuwa amewaeleza madaktari wasiwasi wake, hakusikilizwa, na uchunguzi wa kisheria baadaye ukasema huenda angepona kama angehamishiwa mapema chumba cha mahututi. Wazazi wakapigania, na kuanzia 2024 hospitali za England zikaanza kuweka kile kinachoitwa Martha's Rule: jamaa akiona mgonjwa wake anazidiwa na timu ya wodi haimsikii, anapiga namba na timu nyingine ya wagonjwa mahututi inakuja kuangalia. Muulizeni nesi namba hiyo siku ya kwanza ya kulazwa.

Na mwanawe asiseme tu "amebadilika". Aulize, "NEWS yake sasa ni ngapi?" Ni jumla ya alama za pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto na ufahamu. Ikifika 5 daktari anatakiwa aje upesi, ikifika 7 ni dharura. Neno hilo moja linafungua masikio, nimeambiwa na mpwa wangu anayefanya kazi huko. Kuhusu ukorofi: mzee wa Kiunguja amekaa kimya, na mwanawe naye amekaa kimya kwa adabu, nani aseme?

Kutoka Kilwa, kwa ujumbe wa simu

Sista, mke wangu amejifungua kwa upasuaji, leo siku ya 5, tuko nyumbani. Tangu jana homa, tumbo linauma chini, uchafu unaotoka una harufu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mama mkwe anasema ni maziwa yanashuka. Niendelee na panadol mpaka lini?

Hili sikulisubirisha gazeti lichapwe. Nilimpigia dakika ileile, saa 3 na nusu asubuhi, nikiwa bado na unga wa maandazi mikononi.

Wasomaji wengine wenye wazazi wapya nyumbani nawaeleza kwa kifupi. Maziwa yakishuka matiti yanajaa na joto linaweza kupanda kidogo, lakini maziwa hayatoi harufu ukeni. Homa, maumivu ya tumbo la chini na harufu baada ya kujifungua ni maambukizi ya kizazi hadi ithibitike vinginevyo, na baada ya upasuaji hatari inazidi. Nchini Malawi na Uganda, hospitali 59, walijaribu mpango wa kuzuia na kutibu haya kwa hatua chache ambazo kila zamu inazijua: maji, antibayotiki, kuondoa chanzo, kumhamisha akihitaji, kumfuatilia. Maambukizi makali na vifo vyake vikapungua kwa karibu theluthi moja, matokeo ya 2025. Dawa zilikuwa zilezile.

Simuni sikumwambia hayo. Nilimwambia aweke simu kwenye spika, afungue saa yake, amwangalie mkewe kifuani na ahesabu kwa sauti dakika nzima. Aliniuliza ahesabu kupanda au kushuka. Nikamwambia kupanda. Nyuma nilimsikia mama mkwe anamwambia ampishe mtoto anyonye, na yeye akasema, "Subiri mama, nahesabu." Alifika 34. Mapigo nikamwelekeza mkononi akayakosa, shingoni akayapata: 128. Nikamwambia ampeleke mkewe hospitali sasa hivi, mama mkwe na mtoto wapande nao, mtoto atanyonya huko huko, na akifika mapokezi aseme mambo matatu tu: upasuaji siku 5, pumzi 34, mapigo 128. Asianze na historia ya maziwa.

Ujumbe wake ulifika mchana, nimeunakili ulivyo: "Tumefika saa 4 na dakika 25. Nimesema kama ulivyonifundisha. Sindano imeingia saa 4 na 50, nimeangalia mwenyewe. Wanasema kizazini kilibaki kipande cha kondo, jioni watamsafisha. Mama mkwe anakusalimia, anauliza kama presha yake unaweza kumpimia kwa simu."